Sura ya Tano: Pumzi na Gamba

Nyumba nyingi za Mwanga, Kigoma, humjua nyoka kabla ya kumwona. Usiku husikika pumzi ndefu nyuma ya rundo la kuni. Mtu akisogeza taa, inanyamaza. Au fundi anapanda darini kuziba bati linalovuja, anakuta gamba jeupe limenasa kwenye kenchi, zima, kichwa hadi mkia. Majirani wanaitwa. Mmoja anasema huyo katumwa, mwingine anashauri mafuta ya taa yamwagwe kuzunguka nyumba, na gamba linachomwa moto pamoja na takataka za siku ile. Nasikitika kila linapochomwa, kwa sababu nyoka hakuachii kitu kingine kinachoeleza habari zake kwa ukamilifu kama hicho.

Sura hii inahusu vitu hivyo viwili, sauti ya pumzi na ngozi inayovuliwa. Nimeviweka pamoja makusudi. Wafugaji wengi huviona kama matatizo mawili, moja la mapafu na jingine la ngozi, na huyatibu kila moja kivyake. Mimi nashikilia kwamba vyote viwili vinategemea joto na unyevu wa mahali nyoka anapolala, na anayetengeneza kimoja bila kukitazama kingine humwongezea nyoka maradhi.

Kufuga nyoka si jambo geni kwetu. Usukumani, chama cha Bayeye kimejulikana kwa vizazi kwa kukamata nyoka, kutibu waliogongwa na kucheza ngoma na chatu. Hans Cory aliandika habari zao mwaka 1946, na chatu bado huonekana kwenye ngoma za Bulabo pale Bujora, Mwanza, kila Juni. Nairobi ilifungua bustani yake ya nyoka mwaka 1961, jirani na Makumbusho. James Ashe, aliyefanya kazi hapo, akaanzisha kituo cha Bio-Ken huko Watamu mwaka 1980. Ukitoka Arusha kuelekea Ngorongoro utapita Meserani, penye bustani nyingine ya nyoka. Siku hizi limeongezeka kundi jipya: familia zetu zilizoko Uingereza na Marekani, ambako mtoto anaweza kuomba nyoka kama wa kwetu anavyoomba njiwa, na mara nyingi huyo anayenunuliwa ni nyoka wa mahindi.

Nyoka wa mahindi ni wa kusini-mashariki mwa Marekani. Hana sumu, ana rangi ya chungwa na mabaka mekundu, huishi miaka 15 hadi 20 akitunzwa vizuri, na chakula chake ni panya. Sisi tunaye wa maisha kama hayo. Nyoka wa nyumbani, yule wa kahawia mwenye mistari miwili myepesi kila upande wa kichwa, mmoja ukipita juu ya jicho, naye hana sumu, naye hutembea usiku akiwinda panya, na mara nyingi ndiye mwenye gamba la darini. Ulaya hufugwa kwenye masanduku ya kioo. Mwanga huuawa kwa fimbo, na panya wa ghala la mahindi wanabaki salama. Yatakayosemwa hapa juu ya mmoja yanamfaa mwenzake kwa sehemu kubwa.

Tuanze na pumzi. Binadamu ana kiwambo, ule msuli uliotandazwa kati ya kifua na tumbo, na ndio unaomwezesha kuvuta hewa kwa nguvu na kukohoa. Nyoka hana. Hupumua kwa mbavu, na mbavu zake ni zaidi ya jozi 100. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown nchini Marekani walieleza jinsi walivyowafunga nyoka wa jamii ya boa kwa mikanda ya kupimia shinikizo la damu. Mbavu za mbele zilipobanwa zisiweze kutanuka, nyoka alihamishia kazi ya kupumua kwenye mbavu za nyuma, bila taabu. Ndiyo maana anaweza kumkaba mnyama kwa sehemu ile ile ya mwili yenye mapafu asikose hewa. Na anapomeza windo kubwa, tundu la pumzi lililoko kwenye sakafu ya mdomo husogezwa mbele hadi nje ya midomo, akavuta hewa huku koo limejaa.

Kwa ndani, nyoka wengi hutegemea pafu la kulia peke yake. La kushoto ni dogo sana au halipo kabisa. Chatu na jamaa zake ndio walio na la kushoto linaloonekana. Pafu hilo la kulia ni refu mno, na sehemu yake ya nyuma ni mfuko mtupu wenye mishipa michache ya damu. Umbo hili lina ubaya wake. Ute ukizalishwa na ugonjwa hutiririka kuelekea nyuma na kutuama huko, na kwa kuwa hakuna kiwambo, hakuna kikohozi cha kuutoa. Mbuzi mwenye mafua utamsikia ukiwa uani. Nyoka mwenye homa ya mapafu anaweza kukaa wiki kadhaa kimya, na siku unapomsikia tayari ameumwa muda mrefu.

Kwa hiyo sikio la mfugaji lazima lizijue sauti na tofauti zake. Mfoko wa hasira wote tunaufahamu. Bafe, ambaye wengine humwita moma, ndiye bingwa wake: hufoka akitoa hewa na akiivuta, kwa hiyo sauti yake haikatiki kama ya wengine. Ile pumzi ndefu nyuma ya kuni mara nyingi ni yake, na ukiisikia usitie mkono wala mguu gizani. Yuko pia nyoka mla mayai, asiye na sumu na karibu hana meno, ambaye akishtuka hujikunja na kusuguanisha magamba ya ubavuni hadi yatoe mlio kama wa bafe. Watu humkimbia wakidhani amefoka, kumbe mapafu hayakuhusika. Ngozi ndiyo iliyosema. Halafu kuna kupiga miayo baada ya kumeza, nyoka akirudisha taya mahali pake, na kuna pumzi moja ya ghafla ya kutoa maji au vumbi puani. Hayo si maradhi.

Sauti inayowachanganya wafugaji wengi zaidi ni mluzi. Nyoka ametulia, hana hasira, na kila anapovuta pumzi unasikia mluzi mwembamba au mtoto wa kukoroma. Mwenye nyoka hufikiri ni mafua. Kabla hujafikiri hivyo, mtazame macho. Yakiwa yameingia ukungu wa kibuluu, na rangi ya mwili imefifia, basi nyoka yuko njiani kujivua, na ngozi ya zamani imeanza kuachana na mpya hata kwenye kingo za pua. Tundu limekuwa jembamba, hewa inapiga mluzi. Gamba likitoka, mluzi huisha siku ile ile. Kama gamba limetoka na mluzi umebaki, lichukue gamba lenyewe ulitazame puani: ukikuta kingo za matundu zimechanika au hazipo, kipande kimebaki kwa nyoka. Ukizikuta nzima na mluzi unaendelea, hapo una mgonjwa.

Ugonjwa wenyewe una dalili zinazokuja kwa pamoja. Sauti huwa ya majimaji, ya kuchemka, ukimweka nyoka ndani ya boksi kavu lenye kitambaa na kusikiliza mahali pasipo na kelele. Mapovu au ute mzito huonekana mdomoni. Nyoka hulala ameinua kichwa na shingo ili ute usimzibe. Hukataa chakula. Na akianza kupumua kwa mdomo wazi muda wote, hali ni mbaya: nyoka hupumua kwa pua, na mdomo huachwa wazi pale tu njia ya kawaida inapokuwa haitoshi.

Sababu zake ni nyingi. Ziko bakteria, viko virusi. Kirusi kimoja cha chatu kiligunduliwa mwaka 2014 na kimeua wengi kwenye mabanda ya Marekani na Ulaya. Lakini vingi vya vijidudu hivyo hupata nafasi pale nyoka anapokaa kwenye baridi. Damu yake haina joto lake mwenyewe. Kinga ya mwili hufanya kazi kwa kadiri ya joto la mahali alipo. Nyoka wa mahindi anahitaji upande mmoja wa makazi wenye nyuzi 28 hadi 30 za selsiasi na upande wa pili wenye 22 hadi 24, ahame mwenyewe anavyotaka. Ukimfungia kwenye nyuzi 20 usiku na mchana, na matandiko yamelowa, umemwandalia homa ya mapafu hata kama maji yake ni safi na panya wake ni wanono.

Dawa zipo, na ni kazi ya daktari wa mifugo. Anaweza kuchukua ute, kuuotesha maabara na kuchagua antibayotiki inayofaa. Moja inayotumika sana kwa nyoka, seftazidimu, hudungwa kila baada ya saa 72, maana mwili wa nyoka huitoa dawa polepole. Aliyezoea vidonge vya kutwa mara tatu hushangaa. Tanzania madaktari waliosomea nyoka ni wachache, lakini Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kinafundisha udaktari wa mifugo, na aliye Kigoma anaweza kurekodi kwa simu sauti na mwendo wa mbavu, akampelekea daktari wa wilaya, naye akaulizia kwa wenzake. Rekodi ya dakika moja iliyo safi ina thamani kuliko maelezo marefu.

Sasa gamba. Ngozi ya nje ya nyoka haikui pamoja na mwili. Chini yake hujengwa ngozi mpya kamili, na zikishakuwa mbili, majimaji hupita katikati yake kuzitenganisha. Hapo ndipo macho yanapoingia ukungu, kwa sababu nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na gamba la kioo ambalo nalo hubadilishwa. Ukungu hukaa siku chache, kisha macho huwa safi tena, na wasiojua hudhani mambo yameisha. Siku mbili hadi nne baadaye ndipo anapojivua. Husugua midomo kwenye jiwe au mti, ngozi hupasuka mdomoni, naye hutoka mbele huku ngozi ikigeuka ndani nje kama soksi inayovuliwa. Shughuli yote, tangu rangi ififie, huchukua kama wiki moja hadi mbili. Kifaranga wa nyoka hujivua kwa mara ya kwanza siku chache baada ya kuanguliwa, halafu kila baada ya wiki nne hadi sita. Mkubwa hukaa miezi kadhaa.

Gamba jema hutoka likiwa moja. Lilowanishe kidogo, ulitandaze juu ya meza, na utafute vitu vitatu: vifuniko viwili vya macho, kingo za pua, na ncha ya mkia. Kifuniko cha jicho huonekana kama kiduara angavu kilichobinuka. Gamba hutanuka likivuliwa, kwa hiyo aliyeliacha ni mfupi kuliko linavyoonekana. Watu wa Mwanga wanaopima gamba la darini kwa hatua na kutangaza nyoka wa mita mbili wangepunguza hofu wakilijua hilo. Vivuli vya mistari na mabaka mara nyingi hubaki, na mpangilio wa magamba ya kichwani hubaki wote, kwa hiyo mtaalamu anaweza kumtambua nyoka bila kumwona.

Likitoka vipande vipande, kuna kasoro. Unyevu mdogo ndio unaoongoza. Kisha kuna utitiri, wale wadudu weusi wadogo wanaojificha chini ya magamba na kuzunguka macho wakinyonya damu. Mtazame nyoka kwenye kitambaa cheupe utawaona wakidondoka. Njaa, upungufu wa maji mwilini, kovu la zamani na ugonjwa wa ndani navyo huharibu kazi. Pete ya ngozi iliyobaki kwenye mkia ni ya kuogopa kuliko inavyoonekana, kwa sababu hukauka, hubana, damu haipiti, na ncha hufa na kukatika.

Kinachosaidia ni maji vuguvugu, ya nyuzi 26 hadi 28, kina kisichozidi unene wa nyoka, kwa nusu saa, kisha umwache apite mwenyewe ndani ya taulo lililolowa ulilolishika kwa upole. Jicho usiliguse. Kibano na kucha vimepofusha nyoka wengi ambao wangevua kifuniko hicho wenyewe safari iliyofuata, kama unyevu ungerekebishwa. Na wakati macho yana ukungu usimlishe wala usimshikeshike. Haoni vizuri, na hata mpole huweza kuuma.

Hapa ndipo makosa mawili yanapokutana. Mfugaji anasikia mluzi, anadhani baridi, anaongeza taa ya joto. Taa inakausha hewa, ngozi inagandama zaidi puani, mluzi unazidi, anaongeza taa ya pili. Mwingine anaona gamba limegandama, anamwagia maji sanduku zima na kuliacha limelowa kwenye chumba cha baridi. Gamba linatoka, na baada ya muda nyoka anaanza kutoa mapovu. Joto pasipo unyevu hugandisha ngozi. Unyevu pasipo joto huzamisha pafu. Nyoka wa mahindi anataka hewa yenye unyevu wa asilimia 40 hadi 60, ukiongezwa kidogo anapokaribia kujivua, na joto lisishuke hata kidogo wakati huo.

Kigoma ina ugumu wake. Ziwa Tanganyika, mita 773 juu ya usawa wa bahari, huipa miji ya pwani hewa ya unyevu, na msimu wa mvua mfugaji hana haja ya kunyunyiza kitu. Lakini kiangazi cha Juni hadi Septemba pepo za kusini huvuma, vumbi jekundu la Mwanga hupanda, na usiku joto hushuka chini ya nyuzi 20. Chumba cha bati huoka mchana na kupoa haraka usiku, kwa hiyo sanduku lililowekwa humo hupata makosa yote mawili ndani ya saa 24. Chumba cha tofali za udongo chenye dari ni bora mara nyingi. Na badala ya kulowesha sanduku zima, chukua chungu, toboa mlango ubavuni, jaza makumbi ya nazi yaliyolowekwa yakakamuliwa, ukiweke upande wa joto. Nyoka ataingia anapokihitaji na kutoka akitosheka, na sakafu iliyobaki itakuwa kavu.

Mtu atauliza: vipi nyoka wa ziwani, mbona wanaishi ndani ya maji? Ziwa letu lina fira wa maji, aliyeandikwa na Louis Dollo mwaka 1886 na kupewa jina la Émile Storms, Mbelgiji aliyekuwa Mpala, ng'ambo ya pili. Kuna pia nyoka wa maji asiye na sumu asiyepatikana popote duniani nje ya ziwa hili, aliyeelezwa na Günther mwaka 1893 kutokana na mkusanyiko wa Edward Coode-Hore, nahodha wa misheni aliyefika Ujiji mwaka 1878. Fira wa maji hula samaki, anaweza kuzama hadi mita 25 na kukaa chini dakika 10 au zaidi kwa hewa ya pafu lake refu. Jane Goodall alisimulia jinsi wimbi lilivyomtupia mmoja mguuni kule Gombe, naye akasimama tuli hadi maji yalipomrudisha. Wavuvi wa Kibirizi na Katonga humkuta kwenye nyavu na kwenye mawe ya ufukweni. Mawe hayo ndiyo jibu: huvua majini, hulala pakavu. Nyoka wa maji anayefungwa kwenye tenki lisilo na mahali pakavu hutoka malengelenge tumboni, kisha vidonda. Nayasema haya yaeleweke, asije mtu akajaribu. Fira huyu ana sumu kali, na hakuna dawa ya sumu iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili yake.

Bado kuna hatari moja inayotoka kwenye mapafu ya nyoka, nayo ni ya binadamu. Ndani ya mapafu ya chatu na nyoka wakubwa wa Afrika huishi vimelea vinavyofanana na minyoo yenye pete, ingawa ukoo wake uko karibu zaidi na kaa na kamba. Mayai yake hutoka na ute wa mdomoni na kinyesi. Kongo, ambako nyama ya nyoka huliwa, madaktari wameripoti wagonjwa waliokutwa na vimelea hivi mwilini, hata machoni. Anayecheza ngoma na chatu, anayemsafishia sanduku, anayemchuna, wote wanawe mikono kwa sabuni na wasiweke kichwa cha nyoka karibu na midomo yao. Nasema hivi kwa heshima ya Bayeye na ujuzi wao wa vizazi. Ujuzi huo unastahili wacheza ngoma walio wazima.

Kwa aliyeko Tanzania, nyoka wa porini ni mnyamapori chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Kumfuga kunataka kibali, na wa kumwuliza ni Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA) au afisa wanyamapori wa wilaya. Chatu wamo pia kwenye mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Nyoka wa nyumbani aliye darini kwako huhitaji kumfuga: mwache ale panya.

Aliye na nyoka mikononi tayari, awe Bujora, Meserani au Leicester, namwomba anunue kipimajoto na kipimo cha unyevu kabla ya kununua dawa yoyote, aandike tarehe ya kila gamba, na asimpe nyoka kidonge cha binadamu. Na ukimkuta anapumua kwa mdomo wazi huku macho yake ni safi, usingoje ajivue: mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.